Anga Haisomi Kalenda: Utangulizi wa Utabiri wa Tonado za Majira ya Baridi

Kabla sijakueleza fani hii ni ya nini, nakuomba twende pamoja hadi Mayfield, mji mdogo wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, usiku wa Ijumaa tarehe 10 Desemba 2021. Krismasi ilikuwa imebakiza wiki mbili. Jua lilikuwa limezama kabla ya saa kumi na moja jioni, kama lizamavyo huko wakati wa baridi, na katika kiwanda cha mishumaa watu zaidi ya 100 walikuwa kazini zamu ya usiku. Ilipokaribia saa tatu na nusu, tonado iliingia mjini. Iliuangusha mnara wa saa wa mahakama ya zamani, ikabomoa mitaa ya katikati ya mji, na kiwanda kile ikakilaza chini. Humo walikufa watu 9.

Tonado hiyo ilikuwa imegusa ardhi katika jimbo jirani la Tennessee, nayo haikunyanyuka mpaka ilipokwisha kwenda kilomita 266. Safari yote ilichukua karibu saa tatu. Upepo wake ulikadiriwa kufikia kilomita 305 kwa saa, na watu 57 walipoteza maisha katika njia yake. Picha ya familia ya mwaka 1942, iliyokuwa imetunzwa katika mji wa Dawson Springs, iliokotwa kesho yake katika jimbo la Indiana, kilomita 210 hivi kutoka kwao, ikiwa imenata kwenye kioo cha gari. Usiku ule zilitokea tonado takriban 70 katika majimbo kadhaa, na waliouawa nazo walikuwa 89. Kumbukumbu za Marekani hazina Desemba nyingine ambayo mkupuo mmoja wa tonado uliua watu wengi kiasi hicho.

Wengi walisema msiba ule haukutarajiwa. Mimi nauliza: haukutarajiwa na nani? Watabiri wa Kituo cha Utabiri wa Dhoruba, kilichoko Norman, Oklahoma, walikuwa wameitia alama sehemu ile kwenye ramani zao tangu siku iliyotangulia. Ofisi ya hali ya hewa ya Paducah iliionya Mayfield kabla tonado haijafika, tena kwa onyo la daraja la juu kabisa, lile linalotolewa pale tu maisha ya watu wengi yanapokuwa hatarini waziwazi. Kwa hiyo walikuwapo waliotarajia. Wasichokijua ni kwamba, kati ya dhoruba nyingi zitakazozaliwa jioni ile, moja itaishi saa nyingi bila kuchoka. Wananchi nao walikuwa wanazijua tonado vizuri, lakini walizijua kuwa ni za Aprili na Mei, jua linapoanza kuwaka na mashamba kuota. Desemba waliikabidhi kwa theluji na barafu. Fani ninayokukaribisha inaanzia hapo hapo: anga haisomi kalenda, na mtabiri anayeisoma kalenda badala ya anga atachelewa.

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Kiswahili kina hazina ya maneno ya upepo. Kimbunga tumekizoea redioni: ni dhoruba kubwa ya baharini, yenye upana wa mamia ya kilomita, inayopewa jina na kufuatiliwa kwa siku kadhaa, kama Idai ya mwaka 2019 au Hidaya ya mwaka 2024. Tufani ni dhoruba kali kwa jumla, na mabaharia hulitamka neno hilo kwa hofu. Kisulisuli na chamchela ni upepo unaojizungusha na kunyanyua vumbi na majani wakati wa kiangazi. Msomaji wa Biblia anakumbuka kuwa Eliya alipaa kwa upepo wa kisulisuli, na wapo wazee waliotukanya tukiwa watoto tusiuingilie upepo huo, wakisema umebeba pepo. Tonado haimo sawasawa ndani ya neno lolote kati ya hayo. Ina umbo la kisulisuli, ila haizaliwi na ardhi iliyochomwa na jua la mchana, bali hushuka kutoka kwenye wingu la radi hadi chini. Upepo wake unaweza kuushinda wa kimbunga, ila upana wake mara nyingi ni mita mia chache tu, na umri wake kwa kawaida ni dakika. Ndiyo maana katika masomo haya nimeliacha neno tonado libaki, livae sauti ya Kiswahili na kusimama peke yake.

Usidhani hili ni jambo la wanaisimu pekee. Usiku uleule, baada ya saa saba, tonado nyingine iliupiga mji wa Bowling Green, Kentucky, ikaua watu wasiopungua 16. Bowling Green ni mji uliopokea wakimbizi wengi: Wabosnia walifika miaka ya 1990, na baadaye zikafika familia kutoka Kongo ambazo Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani. Simu zilipolia usiku ule kutoa onyo, hazikulia kwa Kiswahili. Mfikirie mama aliyekulia Uvira, ameamshwa saa saba usiku, watoto wamelala, naye hajui mlio ule una maana gani. Ukimwambia kimbunga, atawaza bahari na habari za siku tatu zijazo. Ukimwambia chamchela, ataona vumbi la uwanjani. Neno lisilo sahihi litakula dakika zake, na dakika zenyewe ni chache mno. Nitamrudia mama huyu mwishoni, kwa sababu sayansi yote nitakayokueleza hapa katikati inafanywa kwa ajili yake.

Historia ya fani hii nayo ilianza na ugomvi juu ya neno. Kwa miongo kadhaa watabiri wa serikali ya Marekani walizuiwa kulitaja neno tonado katika utabiri wao, kwa hofu kwamba wananchi wangetaharuki. Kisha ikaja Machi 1948. Tarehe 20 mwezi huo tonado ilipiga kambi ya jeshi la anga ya Tinker, Oklahoma, na kuharibu ndege nyingi. Maofisa wawili wa hali ya hewa, Ernest Fawbush na Robert Miller, waliagizwa wachunguze kama jambo lile lingeweza kujulikana mapema. Walipekua ramani za dhoruba za zamani wakitafuta kinachofanana. Tarehe 25, siku tano tu baadaye, waliona ramani ya siku ile inafanana mno na ile ya tarehe 20. Wakatoa utabiri wa tonado, ndege zikafichwa, na jioni tonado ya pili ikaipiga kambi ileile. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwa haki kwamba tonado haitabiriki kabisa.

Baada yao alikuja Tetsuya Fujita, Mjapani aliyezaliwa Kyushu mwaka 1920. Akiwa mwalimu kijana mwaka 1945 alikwenda kuchunguza uharibifu wa bomu la atomu Nagasaki na Hiroshima, na pale alijifunza kusoma nguvu ya mlipuko kwa kutazama jinsi miti na kuta zilivyolala. Ujuzi huo aliupeleka Chuo Kikuu cha Chicago, akautumia kuzisoma nyayo za tonado. Mwaka 1971 alitoa kipimo chenye madaraja ambacho, baada ya kurekebishwa mwaka 2007, ndicho kinachotumika hadi leo. Kinaanzia 0 na kuishia 5. Ile ya Mayfield ilipewa daraja la 4. Zingatia kwamba daraja hutolewa baada ya tonado kupita, kwa kutazama magofu. Hakuna anayeipima nguvu yake kwa mita ya upepo iliyosimikwa mlangoni ikingoja.

Hatua ya tatu ni ile iliyosisitizwa miaka ya 1990 na Charles Doswell na wenzake: acha kukariri sura za ramani, tafuta viungo. Dhoruba yenye uwezo wa kuzaa tonado inahitaji vitu vinne. Inahitaji unyevu, hewa isiyotulia, kitu cha kuinyanyua hewa hiyo, na upepo unaobadilika kasi na mwelekeo kadiri unavyopanda. Vikikutana vyote vinne mahali pamoja na saa moja, hatari ipo, uwe mwezi wa tano au wa kumi na mbili.

Kiungo cha nne ndicho kinachowatatiza wanafunzi, basi tukionje jikoni. Weka mezani mti wa kusukumia chapati, kisha pitisha kiganja juu yake kwa kasi. Unaviringika, kwa kuwa juu yake kuna mwendo na chini yake meza imetulia. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Upepo wa karibu na ardhi ukiwa wa taratibu na wa juu ukiwa wa kasi, tabaka la katikati huviringika likiwa limelala, kama mti ule. Sasa hewa yenye joto inayopanda ndani ya wingu la radi ikiukuta mviringo huo, huuinua ukasimama wima, na wingu zima likaanza kuzunguka. Wingu la namna hiyo huitwa superseli. Superseli nyingi hupita zikamwaga mvua na mawe, zisizae tonado hata moja. Kwa nini hii izae na jirani yake isizae, wakati zote mbili zimekula sahani moja, ndilo swali linalowakesha watafiti mpaka leo.

Tuingie sasa katika majira ya baridi. Hewa isiyotulia hupimwa kwa nishati iliyomo, yaani kiasi cha nguvu ambacho kila kilo ya hewa itapata ikipanda. Siku ya hatari ya majira ya kuchipua nishati hiyo mara nyingi hufika jouli 2,000 au 3,000 kwa kilo. Siku ya hatari ya baridi inaweza isifike hata 500. Mtu aliyezoea tarakimu za Mei akiiona tarakimu hiyo anaweza kufunga daftari na kwenda nyumbani. Lakini mtazame mhunzi. Mwenye makaa mengi hahitaji kuhangaika na mivukuto, na mwenye makaa machache akivukuta kwa nguvu chuma chake nacho kitaiva. Wakati wa baridi tofauti ya joto kati ya kaskazini na kusini huwa kubwa, na tofauti hiyo ndiyo inayousukuma mkondo wa upepo wa juu. Makaa yanapungua, mivukuto inazidi. Watafiti wamelitenga kundi hili la siku zenye nishati ndogo na upepo mkali, kwa sababu kanuni zilizotungwa kwa ajili ya Mei hazilitoshi.

Desemba ile ya 2021 ilitupa mifano miwili ndani ya siku tano, kana kwamba ilikusudia kutufundisha. Tarehe 10 makaa ya Aprili yaliletwa Desemba. Upepo wa kusini ulizoa hewa yenye joto na mvuke kutoka Ghuba ya Meksiko, na Memphis ikafika nyuzi joto 26 za Sentigredi, mahali ambapo mchana wa Desemba kwa kawaida huwa na nyuzi kama 12. Tarehe 15 hali ilikuwa kinyume: makaa machache, mivukuto ya ajabu. Mstari mrefu wa dhoruba ulikimbia kutoka Kansas na Nebraska kupitia Iowa hadi Wisconsin. Karibu na Hartland, jimbo la Minnesota, ikatua tonado ya kwanza ya Desemba katika kumbukumbu zote za jimbo hilo. Minnesota hiyohiyo, siku tano kabla, ilikuwa ikipokea theluji kutoka mfumo uleule wa hewa ulioipiga Kentucky. Ukiniuliza kwa nini somo hili ni tamu na gumu kwa pamoja, nitakuonyesha siku hizo mbili.

Ugumu wa kwanza ni kwamba kosa dogo hubadilisha kila kitu. Siku yenye nishati 3,000 ukikosea 300 hujaharibu neno. Siku yenye 400 ukikosea 300 umeupoteza utabiri wote. Kosa la kiasi hicho linatokana na nyuzi mbili tu za joto la umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi kulifikia, mvuke wake huanza kugeuka matone. Unyevu wenyewe unasafiri usiku kutoka baharini, mamia ya kilomita, huku maputo ya kupimia anga yakirushwa mara mbili tu kwa siku, tena kutoka vituo vilivyo mbalimbali. Mtabiri hukaa mezani akitazama kituo kimoja baada ya kingine, saa baada ya saa: hapa nyuzi 13, pale 15, kule 16. Anahesabu kama unyevu utafika kabla ya upepo wa juu kupita, au utachelewa kwa saa moja na usiku uishe kwa mvua tu.

Ugumu wa pili ni giza. Dhoruba nyingi za kiangazi hutegemea jua, na jua likizama hulegea. Dhoruba ya baridi hailishwi na jua la siku ile. Inalishwa na upepo uletao joto kutoka mbali, na upepo huo haujui machweo. Kwa hiyo tonado za miezi hii hupiga mara nyingi watu wakiwa wamelala. Uchunguzi wa miaka mingi Marekani umeonyesha kuwa tonado ya usiku ina uwezekano wa kuua zaidi ya mara mbili ya ile ya mchana. Ongeza na mwendo wake. Gawanya kilomita 266 kwa saa tatu, utaona tonado ya Mayfield ilikuwa ikienda kasi ya gari kwenye barabara kuu.

Ugumu wa tatu uko kwenye rada. Mwale wa rada hunyooka wakati dunia imejipinda, hivyo kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyozidi kuwa juu ya ardhi. Umbali wa kilomita 100, mwale wa chini kabisa uko karibu kilomita moja na nusu juu ya vichwa vya watu. Dhoruba za baridi ni fupi, na mzunguko wao mara nyingi uko chini ya hapo. Tonado zinazochipuka ndani ya mistari ya dhoruba, kama ile ya tarehe 15, huweza kuzaliwa na kufa ndani ya dakika chache, kabla rada haijamaliza kulizungukia anga mara moja. Modeli za kompyuta nazo huligawa anga katika miraba ya kilomita tatu hivi. Zinaweza kukuonyesha dhoruba itakayozunguka, lakini tonado yenye upana wa mita 300 hupita katikati ya nyuzi za wavu huo. Watafiti hawajakaa mikono kifuani. Mwaka 2022 na 2023 walizipeleka rada za magari na maputo kusini-mashariki mwa Marekani, katika mradi uitwao PERiLS, kuisubiri mistari hiyo ya dhoruba uso kwa uso.

Ugumu wa nne, ambao kwangu ndio mzito kuliko yote, ni jinsi ya kusema. Kwa wastani onyo la tonado humpa mtu takriban dakika 10. Na kati ya maonyo 10, kama 7 hivi hayafuatwi na tonado. Mtabiri akinyamaza mpaka awe na uhakika, watu watakufa. Akipiga kelele kila wingu linapojikunja, watu watamzoea, na mazoea yana taabu. Wakati wa baridi mizani hii huwa ngumu zaidi, maana matukio ni machache, na kilicho nadra hakina mifano ya kutosha ya kujifunzia. Ndiyo maana utabiri hutolewa kwa madaraja ya uwezekano, matano kwa hesabu ya kituo cha Norman. Daraja la pili siyo ahadi kwamba hutadhurika. Maana yake ni kwamba ukiwa na siku nyingi kama hii, baadhi yake zitakuwa mbaya, na leo inaweza kuwa mojawapo. Kumfundisha mwananchi kuisikia sentensi hiyo kama ilivyo ni sehemu ya taaluma hii, sawa na kumfundisha mwanafunzi kusoma rada.

Msomaji wa Mwanza au Kisumu anaweza kuuliza: yote haya yananihusu nini? Ni kweli kwamba karibu na ikweta upepo wa juu hautofautiani sana na wa chini, kwa hiyo superseli ni adimu kwetu. Lakini nenda Ziwa Victoria. Dhoruba zake kali huja usiku na alfajiri, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya maji yaliyobaki na joto lake, wakati ambapo wavuvi wako na taa zao mbali na ufuko. Hapo utayakuta maswali yaleyale ya Kentucky: dhoruba isiyolingoja jua, rada inayoona juu kuliko chini, na ujumbe unaopaswa kumfikia mtu gizani kwa lugha yake, akiwa na muda mfupi. Anayeutafiti usiku wa Mayfield kwa makini atarudi na kitu cha kumpa mvuvi wa Ukerewe.

Masomo yanayofuata yameandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza, na kwa kila mtu anayetaka kuelewa wingu lililo juu ya nyumba yake. Hesabu zimo, ila hazikutangulizwa. Tutaanza na unyevu, twende kwenye nishati, kisha upepo, kisha rada, na tutaishia kwenye chumba cha mtabiri, saa nne usiku, akiwa na kalamu mkononi. Katika kila sura nimeweka siku moja ya kweli uitabiri kabla hujafunua ukurasa wa matokeo. Nakusihi usiruke. Utakosea mara nyingi, na kila kosa litakuonyesha ni kiungo gani ulikidharau.

Na kabla hujaianza sura ya kwanza, nakuachia zoezi moja. Mrudie yule mama wa Bowling Green. Ni saa saba usiku, una nafasi ya maneno machache kwenye kioo cha simu yake, naye anasoma Kiswahili tu. Mimi nimeandika hivi: "Tonado inakuja sasa hivi. Amsha watoto. Ingieni chumba cha ndani kabisa, chini, mbali na madirisha. Funikeni vichwa." Jaribu kuandika lako. Ukiona linaweza kufupishwa tena bila kupoteza kitu, lifupishe.